Ilinca na Mwalimu wa Hoja

Jumamosi ile soko la Obor lilifurika watu mpaka njiwa wakakosa pa kutua. Moshi wa mici, zile nyama za kusaga zinazoviringwa na kuchomwa juu ya makaa, ulitanda kama ukungu, na baridi ya Februari ilikuwa inauma masikio. Ilinca Vrabie alisimama kwenye meza ndefu ya walaji, koti lake jekundu limefungwa kifungo kimoja tu. Mkono mmoja ulishika mkate, mwingine ulikandamiza kitabu ili upepo usifunue kurasa.

Alikuwa na miaka ishirini na minane. Kazi yake ilikuwa kupokea oda katika ofisi ya kampuni ya samani, naye alikuwa mtu wa kukaa dakika tano mahali pamoja, kisha miguu ikaanza kumwasha. Bukareshti ilimbana kama kiatu cha mwaka juzi. Alitaka kwenda Milano kusomea biashara, na kati yake na Milano ulikuwepo mtihani mmoja. Alishaufanya mara mbili. Hesabu alizimudu. Kilichomwangusha ni maswali ya hoja, yale ya kusoma aya fupi na kusema ni nini kinaitia nguvu au kuidhoofisha.

Alizungushia jibu la tatu kwa kalamu.

"Si hilo," sauti ikasema.

Ng'ambo ya meza alisimama mwanamume mrefu, mwembamba, amevaa sweta la kijani lililotoboka kiwiko, haradali imemganda pembeni mwa mdomo. Alikuwa anasoma kitabu cha Ilinca kichwa chini miguu juu.

"Bwana, nani kakuuliza?"

"Hakuna. Samahani, dada. Mazoea ya kazi. Nafundisha mantiki sekondari."

"Basi kawafundishe wanao." Akageukia mkate wake. Akatafuna mara mbili, akashindwa. "Haya, kwa nini si hilo?"

Aya ilisema kwamba mji fulani ulipunguza nauli ya tramu, zile treni ndogo za barabarani, na mwaka huohuo ajali za magari zikapungua. Kwa hiyo nauli nafuu ndiyo iliyopunguza ajali. Ni lipi linaidhoofisha hoja hiyo? Ilinca alichagua kwamba tramu huharibika mara kwa mara.

"Uongo?" akauliza kwa ukali. "Hujawahi kukwama ndani ya tramu wewe?"

"Mara mbili wiki hii. Lakini hawakukuuliza habari za tramu zetu. Wamesema hili limesababisha lile. Tafuta kitu kingine ambacho kingeweza kulisababisha. Ona jibu la tano: mwaka huohuo bei ya petroli ilipanda maradufu. Magari yalikaa nyumbani."

Ilinca akatazama kitabu, akamtazama yeye. Akahisi ule mwasho wa miguu, ila safari hii umepanda mpaka kifuani.

"Una haradali mdomoni, mwalimu," akasema.

Hivyo ndivyo alivyomjua Horia Mânzatu.

Wakaanza kusoma pamoja kila Jumanne na Alhamisi katika mkahawa karibu na shule yake. Horia alikuwa na taratibu zake. Alifunika majibu kwa kitambaa cha meza na kumwambia, "Kwanza nieleze kwa maneno yako, huyu anataka tuamini nini? Na anatuonyesha nini ili tuamini? Kati ya hayo mawili pana shimo. Lipi?" Akamnunulia daftari la kuandikia makosa. Kila swali alilokosa, asiandike jibu sahihi tu, bali aandike pia kilichomvuta kwenye lile baya.

Baada ya wiki tatu daftari likamsema vibaya.

"Angalia, kipenzi," Horia akasema, akipitisha kidole kwenye kurasa. "Makosa kumi na manne, na kumi na moja ni ugonjwa mmoja. Unasoma nusu, halafu unamalizia mwenyewe kutoka kichwani mwako."

"Kwa sababu nina haraka."

"Unaenda wapi?"

"Popote!" akacheka. Chai yake ilikuwa imepoa, kama kawaida. Hakuwahi kumaliza kikombe. Kisha akagutuka. "Umeniita kipenzi?"

"Nimekuita?"

"Mwalimu, usijifanye kiziwi."

Masikio ya Horia yakawa rangi ya koti la Ilinca.

Kuanzia hapo simu haikutulia. Saa sita mchana Horia alimpigia kutoka chumba cha walimu. "Laazizi, maduka yanayouza maua mengi yana wateja wenye furaha. Kwa hiyo maua huleta furaha. Nini kimekosekana?"

"Pengine wenye furaha ndio wanaonunua maua."

"Hewaa! Nakuja nayo jioni, tuone kipi kinatangulia kipi."

Kufikia Aprili Ilinca alikosa maswali matatu tu kwa kila kumi. Kufikia Mei, moja. Lakini kadiri alivyozidi kupata, ndivyo Horia alivyozidi kunyamaza. Ilinca alipotaja Milano, yeye aliinuka akafungua dirisha, akakaa, akainuka akalifunga. Ilinca alijua kwamba mama yake Horia, Bi Paraschiva, aliondoka kwenda Bologna kutunza wazee wa watu mwanawe akiwa na miaka kumi na mitano, na kwamba miaka kumi na tisa baadaye bado yuko huko, hurudi wiki mbili kila Agosti. Alijua pia kwamba Horia hajawahi kumtembelea hata mara moja. Hakuuliza sababu.

Siku tisa kabla ya mtihani alinunua kilo ya matunda ya cheri akampelekea nyumbani bila taarifa, amevaa gauni jeupe la madoa ya buluu. Joto lilikuwa kali, na mlango wa Horia ulikuwa wazi ili upepo upite. Alikuwa kwenye simu, amempa mgongo.

"Ilinca hayuko tayari, mama," alikuwa anasema. "Nitamwambia aahirishe mpaka mwakani."

Mfuko wa cheri ukamtoka mkononi. Aliuacha pale kizingitini, akashuka ghorofa sita kwa miguu bila kungoja lifti.

Horia alipopiga jioni, Ilinca alipokea mara moja tu.

"Kumbe miezi minne unanichekea? Unanionea huruma kama mwanafunzi mzito?"

"Ilinca, nisikilize..."

"Ulisema hayo maneno au hukuyasema?"

"Niliyasema."

"Basi." Akakata. Horia alipiga mara kumi na moja zaidi, Ilinca hakupokea.

Siku tisa zile hakulala vizuri wala kula. Alisoma akitembea, kutoka jikoni hadi barazani, daftari mkononi, akilia kwa hasira na kufuta machozi kwa kiganja ili aone maandishi. Asubuhi ya mtihani aliketi mbele ya kompyuta. Maswali ya hoja yalipofika, akafunika majibu kwa kiganja, akajisemea kimoyomoyo: anataka tuamini nini? Akasoma kila aya mpaka nukta ya mwisho.

Alama zikatokea kwenye kompyuta palepale. Zilipita kiwango cha Milano, zikabaki.

Hakwenda nyumbani. Mchana huohuo wa Jumatatu alisimama kwenye lango la shule, na Horia alipotoka na mkoba wake, alimkandamizia karatasi kifuani.

"Soma! Huyo ndiye asiye tayari!"

Horia akasoma. Wanafunzi walipita wakitabasamu, wakigusana viwiko. Akavua miwani, na Ilinca akaona machozi.

"Nilijua," akasema. "Tangu Aprili nilijua. Uko tayari kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha."

"Halafu ukasema..."

"Nilimdanganya mama. Na wewe nilitaka kukudanganya hivyohivyo. Mama alinikatiza: 'Unasema uongo, Horia. Naijua hiyo sauti, ndiyo niliyokuambia nayo kwamba Pasaka nitakuwa nimerudi.' Nikakiri. Nikamwambia mimi ndiye nisiye tayari. Kila niliyemsindikiza hakurudi, Ilinca. Nilitaka mwaka mmoja zaidi. Ni wizi, najua."

Ilinca alikuwa amekuja na maneno makali ya kutosha saa nzima. Akatoa machache tu.

"Ni wizi kweli," akasema. "Na ungenikosesha Milano."

"Ndiyo."

"Mimi naenda Milano, Horia."

"Nenda. Ukibaki kwa ajili yangu nitajichukia." Akavaa miwani, ikawa upande. "Nilikuwa nataka kukuoa."

"Hapa, langoni, mbele ya watoto wa watu? Nikiwa na hasira?" Akamnyooshea miwani. "Niulize huko. Ukiweza kufika."

Alisafiri mwanzoni mwa Septemba. Wiki saba simu zilikuwa fupi, za watu wanaoogopa kusema jambo. Shule zilipofungwa kwa mapumziko ya Oktoba, Horia alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akashuka Bologna, akabisha mlango ambao anwani yake aliiandika juu ya bahasha tangu utotoni. Ilinca alikuwa ameshafika kwa treni kutoka Milano, kama walivyopatana. Bi Paraschiva, aliyeonekana mdogo wa mwili kuliko alipokuwa akija Agosti, alimshika mwanawe mashavu kwa muda mrefu. Kisha akasema supu inaungua, akakimbilia jikoni.

Wakabaki wawili sebuleni. Horia aliinuka, akaenda dirishani, akarudi.

"Ilinca," akaanza, "nina hoja..."

"Ndiyo!" Bi Paraschiva akapiga kelele kutoka jikoni. "Anakubali!"

Ilinca alicheka mpaka akashika ubavu. "Mama, mwache aniulize kwanza!"

Akamuuliza.