Honi Iliyokwaruza Mlangoni kwa Mzee Aksel

Kila siku akitoka shule, Dagny alitupa mkoba jikoni, akapaka siagi kipande cha mkate mweusi, kisha akakimbilia karakana ya babu yake, Preben, huku anatafuna. Babu hakuwa peke yake hata siku moja. Hapa kijijini Ballum, ukitaka kujua nani kauza ng'ombe na nani kanuniana na mkwewe, nenda kwa Preben. Kahawa ipo, na habari zipo.

Kilichowavuta watu zaidi ni honi mbili ambazo Preben alizichukua sinema ya mjini Tønder ilipofungwa. Zilikuwa spika kubwa zenye midomo ya bati iliyopanuka, mtoto mdogo angeweza kujikunja ndani akalala. Nyuma ya kila mdomo palikuwa na koo jembamba, na mwisho wa koo kichwa kizito cha sumaku. Humo ndimo sauti ilimozaliwa. Zikiwashwa, hata bata wa jirani walinyamaza. Lakini bati lenyewe lilitetemeka, likaongeza makelele yake juu ya muziki.

"Preben, hizo si spika," Bi Kirsten wa nyumba ya pili alisema, huku akijimiminia kahawa bila kukaribishwa. "Hayo ni masufuria yanagombana."

"Subiri," babu alijibu. "Nazivisha koti."

Koti lenyewe lilikuwa puti, ile inayoshikilia vioo vya madirisha. Aliipaka nje ya honi, unene wa kidole, ili bati liwe zito lisitetemeke. Alikuwa amemaliza honi ya kwanza. Akamwita Dagny, akagonga honi isiyo na puti: ngaaa! Akagonga yenye puti: ndu.

"Umesikia? Sasa hii itasema kile inachoambiwa tu, haiongezi chumvi kama Bi Kirsten."

"Nakusikia, Preben!" Bi Kirsten alifoka, na karakana nzima ikacheka.

Kazi hiyo ilikuwa na sababu. Ijumaa, Mzee Aksel na mkewe, Bi Ebba, wangetimiza miaka hamsini ya ndoa. Kwetu, wanandoa wa dhahabu huamshwa asubuhi na majirani. Mlango wao huwa umezungushiwa upinde wa matawi ya msonobari na maua, watu huimba, na tarumbeta hupigwa. Kwa miaka mingi mpiga tarumbeta wa kijiji alikuwa Aksel mwenyewe. Yeye ndiye aliyewaamsha maharusi wote, mpaka mapafu yake yakachoka. Sasa zamu yake imefika, na hakuna wa kumpigia.

Ila Preben alikuwa na kanda ya zamani. Mpigaji katika kanda hiyo alikuwa Aksel, enzi za nguvu zake. Mpango ulikuwa siri: Aksel afungue mlango, apokewe na tarumbeta yake mwenyewe.

Alhamisi mchana, babu alikwenda na wanaume kukata matawi. "Honi ya pili nitaimaliza mwenyewe Jumamosi," alimwambia Dagny. "Usiiguse. Kabla ya puti, kichwa lazima kifunguliwe kiwekwe kando. Ndani yake kuna utando wa chuma mwembamba kuliko ganda la kitunguu."

Dagny angetii, kama si Jeppe, mjukuu wa Bi Kirsten, kuchungulia mlangoni.

"Fundi wa puti! Unajua kazi, au unajua kubeba ndoo tu?"

"Najua kuliko wewe."

"Basi tuone."

Jeppe akaenda zake akipiga mluzi. Dagny akabaki na honi. Alijaribu kufungua nati za kichwa, zikakataa kwa kutu. Akaona si neno. Akaisimamisha honi mdomo juu, akaanza kupaka. Kwa kweli alipaka vizuri, laini kama siagi juu ya mkate. Alipokuwa akimalizia ukingo, vipande vya puti vikadondoka ndani, vikateleza mpaka kooni.

Alishtuka. Akaleta mashine ya kufyonza vumbi, akaingiza bomba kooni, akawasha. Vipande vikatoka. Kisha akasikia mlio mdogo, tk, kama mtu aliyevunja kijiti.

Alipoiunganisha honi na redio, ilikwaruza kama nyigu ndani ya kopo. Akaizima haraka, akakaa sakafuni.

Babu alirudi ananukia msonobari. Alipoiona honi, akavua kofia.

"Nani kafanya hivi? Wewe? Hebu tazama ukingo huu! Nilikukataza, lakini mikono hii ni ya fundi. Ulifungua kichwa kwanza?"

"Ndiyo, babu."

"Umeijaribu?"

Dagny alitazama viatu vyake. "Inalia vizuri."

"Basi hii yako ndiyo itakayosimama mlangoni kwa Aksel. Ile nyingine ibaki. Moja inatosha."

Dagny alikuwa na nafasi ya kusema ukweli wakati huo. Alikuwa nayo wakati wa chakula cha jioni, na hata babu alipoipakia honi kwenye toroli huku akimsifia kwa kila aliyepita. Kila sifa iliongeza uzito juu ya ulimi wake.

Asubuhi watu walijaa uwanjani kwa Aksel, bendera mikononi, pumzi zikitoa moshi kwa baridi. Wanaoanza kazi mapema walikuja na nguo za kazi. Tuliimba. Mlango ukafunguliwa chini ya upinde, Mzee Aksel akatokea na koti juu ya nguo za kulalia, Bi Ebba amemshika mkono. Babu akabonyeza kitufe cha kuwasha kanda.

Honi ikatoa mkwaruzo. Ndani ya mkwaruzo huo kulikuwa na wimbo, lakini ulikuwa umechanika, unakohoa, unazomea. Watoto walicheka. Wakubwa walitazama chini. Aksel aliutambua wimbo. Akainama kwa mkewe, na sisi tuliokuwa karibu tulimsikia.

"Ebba, kumbe ndivyo nilivyokuwa napiga?"

Babu aliizima. "Samahani, Aksel. Kosa ni langu. Nimezidisha puti."

"Preben na puti yake!" Bi Kirsten akadakia. "Nilisema mimi, masufuria!"

Wengine walicheka ili aibu ipite. Wenye kazi wakapeana mikono na maharusi, wakaondoka. Waliobaki waliingia jikoni kunywa kahawa na kula mikate ya duara iliyotoka tanurini. Dagny aliketi karibu na dirisha, mkate wake mzima mkononi.

Mzee Aksel alikuwa akijitahidi kucheka. "Miaka yote hiyo nawaamsha watu," alisema, "kumbe walikuwa wananivumilia tu."

"Acha wewe!" Bi Ebba alisema. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Dagny akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Si wewe, Mzee Aksel," alisema, machozi yakimtoka. "Wala si babu. Ni mimi. Sikufungua kichwa. Niliingiza bomba la mashine ya vumbi, utando ukavunjika. Nilijua tangu jana. Babu aliniuliza, nikasema inalia vizuri."

Bi Kirsten alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaufunga bila kusema neno. Babu alisimama. Kisha akavaa kofia. "Jeppe, lete toroli. Honi nyingine iko karakana."

Waliiweka uwanjani, chini ya upinde. Hatukuwa wengi tena. Babu akabonyeza kitufe, na tarumbeta ikatoka safi, ya duara, ikavuka paa na kwenda mbali juu ya malisho. Mzee Aksel alisimama mlangoni. Vidole vyake vitatu vilianza kubonyeza hewani, kimoja baada ya kingine, na hakuna kilichokosea. Wimbo ulipokwisha alimwita Dagny.

"Asante kwa kunirudishia," alimwambia. "Ila ningependa wale walioondoka nao wangesikia."

Dagny akaenda kushika toroli.

Jioni babu alifungua kichwa cha honi iliyoharibika. Nati zilihitaji mafuta na subira tu. Akatoa utando, akauweka kwenye kiganja cha Dagny. Ulikuwa mwepesi kama bawa la nondo, na umepasuka katikati.

"Tutanunua mwingine?" Dagny aliuliza.

"Waliokuwa wakiutengeneza walifunga zamani. Hii haitalia tena."

"Nisamehe, babu."

"Kwa utando nimeshakusamehe. Mimi mwenyewe nimeharibu vingi kuliko umri wako." Babu alifuta mikono kwa kitambaa. "Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Ungeniambia jana, ningebeba honi ile nzima, na Aksel angefungua mlango mara moja tu, akasikia kilicho chake mbele ya kijiji chote. Kuvunja kulitugharimu spika. Kunyamaza kumemgharimu yeye asubuhi yake, na hiyo hainunuliwi popote. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."

Honi ile bado ipo ukutani mwa karakana, na puti yake laini imekauka juu yake. Wageni huisifia. Dagny, kabla hawajauliza kwa nini haiwashwi, huwaambia mwenyewe.