Ngozi Isiyo na Alama

Capitoline aliishiwa mawese jua likiwa linaingia nyuma ya milima ya Fizi. Akachukua bidoni lake tupu, dumu la kubebea mafuta, akakaza kitenge kiunoni, akashika njia ya bondeni kwenda kwa Mama Suzanne, mkamuaji wa mawese.

Pale Mulongwe, kambi ya wakimbizi nje kidogo ya Baraka, Capitoline alijulikana kwa sabuni yake, na Warundi wenzake waliokimbia vita na wenyeji pia. Aliipika kwa mawese na maji makali ya majivu ya maganda ya ndizi, akaikoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Watoto wenye upele waliogeshwa nayo wakalala bila kujikuna. Wakulima waliopasuka visigino waliacha kuchechemea. Sabuni ya dukani, alizoea kusema, inakwangua uchafu pamoja na mafuta ya mwili. Yake iliyaacha mafuta mahali pake.

Lakini mgonjwa aliyemnyima raha alikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Gloriose, mdogo wake, alijipaka dawa za kujichubua mpaka uso ukaungua, mashavu yakawa mekundu kama nyama. Alikuwa amechumbiwa na Eddy, mvuvi wa Baraka, na sasa hakutaka kutoka nje mchana. Sabuni ya dada yake ilipunguza maumivu tu. Alama zilibaki, naye alikuwa anazilaani kila asubuhi.

Bondeni, Suzanne hakuwepo. Pipa la kuchemshia lilikuwa baridi. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi juu ya gogo, miguu yake ndani ya kijito.

"Suzanne alienda Fizi, kwenye matanga," alisema bila kugeuka. "We unatafuta mafuta. Leta bidoni."

Capitoline akajibu kwamba angemngoja mwenyewe. Ndipo yule akageuka.

Hakuwa na kovu. Hakuwa na kunyanzi wala baka. Hata kwenye viwiko ngozi yake ilikuwa laini kama ya mtoto wa jana. Aliponyoosha mikono akalichukua bidoni, Capitoline aliona viganja vyake.

Havikuwa na mistari.

"Ni ya mudogo wako," mwanamke akanong'ona, akilirudisha bidoni limeshajaa mafuta. "Itamuponyesha."

Capitoline hakuwa amemtajia mdogo yeyote. Miguu ilitaka kukimbia. Lakini akakumbuka kilio cha Gloriose chini ya shuka... akalipokea, akaondoka haraka bila kuangalia nyuma.

Sabuni mbichi huuma ulimi. Ndivyo mpishi anavyojua kwamba haijaiva. Hii aliyoipika kwa mafuta ya kijitoni, hata kabla haijakauka, Capitoline aliilamba na haikuuma. Ilikuwa na ladha ya chumvi. Ladha ya shavu la mtu aliyelia.

Gloriose aliogea nayo. Haukupita muda, ngozi iliyoungua ikatulia, kisha ikang'aa. Eddy alikuja kumtazama akakaa mpaka usiku. Kovu la chanjo likatoweka begani. Kovu la mkononi, alipounguzwa na sufuria utotoni, nalo likaondoka. Majirani waliuliza siri, na Gloriose akacheka, akawageuzia shavu walishike.

Kisha ikafika siku ya kugawa chakula. Kila mtu anaweka kidole kwenye mashine, mashine inamtambua, anapewa. Kidole cha Gloriose hakikutambuliwa. Kijana wa mashine akakifuta, akafuta kioo, akajaribu kingine, kisha kingine. Capitoline akaushika mkono wa mdogo wake akauelekeza kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa laini kama yai.

Jioni ile, alipokuwa akioga, Gloriose akamwita dada yake kwa sauti ndogo.

"Yaya... angalia."

Alikuwa ameshika tumbo. Akaondoa mkono taratibu.

Kitovu hakikuwepo.

Capitoline akaitupa sabuni yote chooni. Haikusaidia. Asubuhi Gloriose alikuwa akiongea kama mwenye mafua, na matundu ya pua yamekuwa membamba. Mchana masikio yakaanza kuziba. Ngozi ilikuwa inajifunga, nzuri, laini, bila haraka. Alipolala ubavu, pumzi ilipita kwa filimbi.

Fiii... fiii...

Capitoline hakungoja. Alimkuta Suzanne amerudi, akamwuliza kuhusu msaidizi wake. Suzanne akasema hana msaidizi. Alipokwenda matangani aliacha pipa kavu. Kisha akashusha sauti. Bibi yake aliwakataza kuoga kwenye kijito kile jua likizama, na hakuwahi kueleza sababu. Alipoombwa amsindikize Capitoline, alitikisa kichwa akaingia ndani.

Capitoline akafuata maji peke yake. Vyura walinyamaza. Harufu ya sabuni ikamjia puani kabla hajaona kitu.

Mwanamke alikuwa amesimama kijitoni, maji yakimfika mapajani. Mkononi alikuwa na kovu la sufuria. Begani, kovu la chanjo. Na tumboni, kitovu cha Gloriose.

"Rudisha," Capitoline alisema. "Anakufa."

"Alizikataa mwenyewe. Batu banazikataa kila siku, hizi alama. Mi sikuzaliwa na hata moja." Aliligusa kovu kwa upole. "Nikirudisha zake, nipe zingine."

"Gani?"

Mwanamke akatazama tumbo la Capitoline.

Chini ya kitenge kulikuwa na mistari ya uzazi. Capitoline alimzaa mtoto mmoja tu, Kezimana, njiani wakikimbia, akamzika karibu na mto Rusizi mahali ambapo leo hangeweza kupatambua. Hana picha. Hana kaburi. Ana mistari ile, na kila akilala huipitishia vidole.

Akaipapasa juu ya kitenge mara ya mwisho. Kisha akafungua kitenge, akaingia majini. Mikono iliyomwosha ilikuwa ya joto.

Nyumbani alimkuta Gloriose amelala, mdomo wazi, akikoroma. Mashavu yameungua vilevile kama zamani. Kitovu kipo. Capitoline akalia kwa furaha.

Baadaye alipika tena sabuni yake ya kawaida. Uso ulipona polepole, na haukupona wote. Eddy akamwoa Gloriose na uso huo.

Ila Jumapili moja Gloriose alimwuliza kama mwaka huu pia wangemwombea Kezimana misa.

"Kezimana ni nani?" Capitoline akauliza.

Gloriose alidhani ni mzaha. Akamtazama machoni, kisha akakaa chini mavumbini. Alimweleza yote: njia, mvua, mtoto, mto. Capitoline alisikiliza kwa heshima, kama mtu anayepewa pole ya msiba wa jirani.

Jioni ya juzi alikuwa anapita juu ya bonde, kuni kichwani. Chini, kwenye kijito, yule mwanamke alikuwa akiita kwa sauti ya kubembeleza.

"Kezimana... we Kezimana..."

Capitoline akasimama. Kifua kikamuuma kama cha mama anayenyonyesha, na hakujua kwa nini.

Kule majini, mtoto akaitika.