Vizibo Kwenye Usukani

Saa kumi na mbili asubuhi, ndege ya majini ya mwisho katika bandari ile ilikutwa imezama palepale ilipofungwa. Ilikuwa imekaa kitako chini ya maji, mabawa na chumba cha rubani tu vikiwa juu. Inspekta, mwanamke ambaye askari wenzake walimwita Sindano kwa jinsi maswali yake yalivyochoma, alimkuta mlinzi wa gati ameshatiwa pingu.

"Alilala fofofo, huyu!" alifoka mwenye ndege. Wiki hiyohiyo alipanga kuikata mabawa aigeuze baa. Tangu uwanja mpya ujengwe, abiria walihamia kwenye ndege za magurudumu, na hii yenye tumbo la mashua ikabaki ya kupigia picha za harusi. Inasikitisha, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Kulala nimelala, afande," mlinzi alisema huku akilia. "Kuizamisha, hapana. Nina watoto."

Sindano alipigiwa makasia hadi kwenye chumba cha rubani. Alichokiona humo kilimfanya atabasamu. Vizibo vya shaba, vile vinavyoziba matundu ya chini ya tumbo la ndege, vilikuwa vimefungwa kamba na kutundikwa kwenye usukani. Mtu alivifungua kwa ndani, maji yakaingia. Sasa kwa nini asivitupe majini akaenda zake?

Aliporudi gatini alimwita fundi wa ndege hiyo, aliyekuwa ameapa mbele ya watu kwamba baa hiyo haitafunguliwa.

"Niliapa, sikatai," fundi alisema. "Ila mimi vizibo sivitundiki. Ndege ikipandishwa nchi kavu kumwagwa maji, fundi anavitoa, anamkabidhi Kapteni, rubani wake wa miaka yote, mkononi. Kapteni ndiye anayevitundika, asije akaondoka tumbo likiwa wazi. Mimi nikigusa usukani ule, nalambwa kofi."

"Wewe ungeviweka wapi?"

"Mfukoni. Wapi tena?"

Kwa Sindano, kazi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa kubisha hodi.

Kapteni mstaafu alikuwa sebuleni, amevaa sare yake, kikombe cha chai mkononi.

"Imezeeka tu, mwanangu," alisema kabla hajaulizwa. "Bati limekwisha."

"Na ningeamini, Mzee. Ila vizibo viko kwenye usukani, na shemeji yako, mlinzi, ana pingu mikononi. Mchana anapelekwa mahakamani."

Kapteni aliweka kikombe mezani.

"Wamemkamata shemeji?" Akainuka. "Mfungueni. Ni mimi. Nilidhani watasema uzee umeizamisha, basi, yaishe."

"Kwa nini, Mzee?"

"Walevi wamwage bia pale watu walipokaa wakayaona mawingu kwa mara ya kwanza? Nimeishi nayo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mke wangu. Nikaona heri ilale majini, ikiwa na mabawa yake."

Sindano alimhurumia, na hakuficha. Hata hivyo alitoa pingu.

"Ungevitupa vile vizibo, nisingekujua kamwe."

"Nilishatoka mlangoni navyo, maji yamenifika magotini. Nikarudi ndani kuvitundika."

"Ndani ya ndege inayozama? Ya nini?"

Kapteni alimtazama kwa mshangao, kama aliyeulizwa swali la kitoto.

"Je, angekuja mtu akataka kuirusha?"