Mara Mia Tatu

Maoni yale hayakuwa na mwenyewe. Programu ya kuandikia waliyoitumia pale ofisini haikuwa na siri: ukiandika neno pembeni ya hati, papo hapo jina lako linatokea juu yake, na saa, na dakika. Lakini asubuhi ile Vidole alipoifungua orodha ya wanafunzi aliyoiacha jana yake, alikuta pembeni kisanduku cha manjano, mahali pa jina patupu, na ndani yake maneno haya: "Umebonyeza kitufe cha nafasi mara arobaini ili neno likae katikati. Huoni haya?"

Vidole akacheka. Alijua ni wenzake, maana hawakuwa na jema. Walimpa jina hilo kwa kasi yake ya kuchapa, vidole vikilia kama mvua juu ya bati, lakini ukimtoa kwenye kuchapa, kukoza herufi na kuhifadhi faili, mama wa watu alikuwa hajui kitu. Na msimamizi alikuwa ameshatoa mwezi mmoja: asiyejifunza mambo ya ndani ya programu akae nyumbani alee. Vidole alikuwa na wa kumlea kweli, mtoto wa miezi saba waliyemwita Kidonge, na mumewe alikuwa dereva wa lori wa kuonekana nyumbani kwa bahati. Kazi ikiondoka, na maziwa yanaondoka.

Akawauliza wenzake mmoja mmoja. Wote wakaapa. Aliporudi mezani kisanduku cha pili kilikuwa kinamngoja, kinamwelekeza pa kubonyeza ili neno liende katikati lenyewe. Akabonyeza, likaenda.

Ndivyo masomo yalivyoanza. Kila siku kisanduku kipya, na kila somo na tusi lake. Alifundishwa kuvipa sura vichwa vyote vya habari kwa mguso mmoja. Alifundishwa kuiacha programu itunge yenyewe orodha ya yaliyomo, kurasa na namba zake. "Rudia, mjinga wewe," kisanduku kilimwambia, naye akarudia. Siku hizo kibodi yake ilianza kutoa harufu ya nywele zilizoungua, na aliponyanyua mikono kunywa maji, vitufe viwili vitatu viliendelea kugonga kidogo, kwa chini, bila kidole juu yake. Angepaswa kumwambia mtu. Lakini msimamizi alikuwa amemsifu mbele ya ofisi nzima, na ni nani anayemshtaki mwalimu anayemng'arisha?

Alhamisi likaja somo la kurekodi. "Bonyeza hapa, nitashika kila kitu mikono yako inachofanya. Ukimaliza, simamisha. Kisha niambie nirudie mara ngapi." Orodha ilikuwa na majina mia tatu ya kusahihishwa kwa namna ile ile. Vidole akaanza kurekodi, akasahihisha jina la kwanza, na hapo simu ikaita. Mama mkwe wake alisema mtoto hanyamazi, aje. Akafunga kompyuta, akabeba mkoba, akatoka mbio.

Hakusimamisha. Hilo ni kosa la kila anayejifunza, na kwa wengine hasara yake ni faili kuvurugika.

Kidonge alikuwa analia meno tangu mchana. Mama mkwe alimkabidhi akaenda kutafuta dawa. Vidole akambeba, akamwimbia, akamwogesha, akambeba tena. Kilio hakikupungua. Kichwa kilikuwa kinampasuka, na pale, bila kukusudia, aliweka kiganja juu ya mdomo wa mwanawe. Haikuwa muda mrefu, moja, mbili, tatu. Macho ya mtoto yakamtoka juu ya mkono wake. Akauondoa kana kwamba ameungua, akalia kuliko mtoto, na hakumwambia mtu. Aliona aibu ya kufa.

Kesho yake kisanduku kilisema: "Hukusimamisha. Nimeshika yote." Chini yake swali la kawaida: Rudia mara ngapi? Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake akiisubiri orodha, na Vidole aliyasoma maneno yale huku akili iko kwenye majina. Akaandika mia tatu. Akabonyeza. Kwenye skrini hakuna jina lililobadilika.

Alirudi nyumbani alasiri, akampokea Kidonge, akambusu shingoni, na mtoto alipoguna tu, kabla hata hajalia, harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba na mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe, taratibu, bila haraka, kama mkono wa mtu anayejua kazi yake, ukapita kifuani, ukapita kidevuni, naye akiuvuta kwa nguvu zote za bega na hauvutiki, hadi kiganja kikakaa juu ya mdomo ule mdogo na macho yale yakamtoka tena, moja, mbili, tatu, kisha ukashuka, na akausikia unajiandaa kupanda.

"Mama," akaita kwa sauti ya chini. "Nichukulie mtoto."

"Una nini?"

"Mchukue tu, mama. Usiniulize."

Mama mkwe akamnyakua. Mkono ukapanda hewani, ukafunika pasipo na kitu, ukashuka. Hapo Vidole akasema yote, ya jana na ya mashine. Mwanamke yule akamkumbatia mtoto kwa nguvu.

"Ulimfanyia hivyo kweli?"

"Mara moja tu."

"Basi kuna aliyekuona."

Mganga waliyemwita alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Mambo ya programu hakuyajua, ila aliuliza maswali mawili: nani alimfundisha, na nani alitaja idadi. Alipojibiwa akatikisa kichwa. Alisema jini wa namna hii hana ubaya wake mwenyewe, anaazima wa mtu kisha anaurudisha na nyongeza. Idadi aliyoitaja Vidole mwenyewe kwa mkono wake haifutiki. Italazimika kuisha.

Akampa mto aushike badala ya mtoto. Vidole akaupakata, mkono ukipanda na kushuka, na mama mkwe akihesabu kwa maharage, moja kwa kila mara. Harage la mia tatu lilipoanguka kwenye bakuli, harufu ilikatika na mkono ukalegea. Wakampa mtoto. Kiganja kikatulia mgongoni mwa Kidonge kama cha mama yeyote, na wanawake wote watatu wakalia kwa furaha.

Zikapita siku tatu za amani. Siku ya nne akarudi kazini, akaifungua hati ili afute visanduku vyote. Kilikuwapo kimoja tu, kipya.

"Mto haupumui. Mara zile hazikuhesabika. Bado mia tatu."

Mkono wake ulikuwa umeshaanza kugonga meza wenyewe. Simu ikaita, mama mkwe akanong'ona kwamba Kidonge kaamka, analia, anamtaka mama yake.

"Mama, usinipe mtoto leo," Vidole akasema. "Hata nikikulilia mlangoni, usinipe."

Akaenda kwenye stoo ya karatasi, akafunga mlango kwa ndani, akaketi juu ya katoni na kuegemea ukuta. Harufu ilimfuata.

"Mimi napumua," akamwambia jini.

Akauachia mkono. Ukapanda bila haraka, ukamziba mdomo na pua, moja, mbili, tatu. Mara ya pili hesabu ilifika nne. Akaendelea kuzihesabu mara hizo kimoyomoyo, akiogopa kupitiwa hata moja, maana itakayosalia ni ya Kidonge. Nje wenzake walikuwa wanacheka wakienda kunywa chai. Mmoja akagonga mlango, akaomba karatasi, akauliza kama kuna mtu humo ndani.

Vidole hakuweza kumjibu. Alikuwa amefika mara ya kumi na nne kati ya mia tatu.