Darasa Lililochechemea

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Wenzangu walijitahidi kunifikia, tena hawakubaki nyuma sana, lakini nafasi ya kwanza niliishika mwenyewe na sikumwachia mtu.

Asubuhi ilianza kama asubuhi zote za ghorofani kwetu. Ndoo ziligongana kwenye ngazi, mtoto wa jirani alilia hataki kuoga, na redio za vyumba vyote ziliimba wimbo mmoja. Shangazi, ambaye ndiye anayenilea, alikuwa anapiga pasi sare yake. Yeye ni muuguzi katika zahanati iliyo nyuma ya shule yetu. Nilipopita mbele yake kwenda kuchukua mkoba, aliinua macho.

"We mtoto, mguu umefanya nini?"

"Haujafanya kitu, Shangazi."

"Mbona unauburuta kama gunia la mkaa?"

"Ndiyo mwendo wa siku hizi. Darasa zima tunatembea hivi."

Shangazi aliweka pasi kando akacheka mpaka akajishika ubavu. "Makubwa haya! Kazini kwangu watu wanalia machozi ili waache kutembea hivyo, wewe mwenzetu unafanya bure! Haya nenda, na uwahi kuondoka. Kwa mwendo huo utafika shuleni na mvi."

Msinicheke peke yangu. Mtaa wetu wote ni wa kuigana. Mwenye duka mmoja akipaka ukuta wake rangi ya chungwa, wiki haiishi mtaa mzima umekuwa chungwa, na wageni hawajui tena wanakwenda duka lipi. Kinyozi wa pale kona aliwahi kupitiwa na usingizi akamnyoa mteja upande mmoja tu wa kichwa. Mteja yule aliona aibu kulalamika, akatoka nje kifua mbele kama aliyeagiza mwenyewe. Kesho yake vijana walipanga foleni mlangoni: "Fundi, nami nataka ile ya upande."

Sasa mwendo wetu uliletwa na Bishoo. Alikuwa mvulana mgeni aliyehamia darasani kwetu muhula huo. Jina la Bishoo tulimpa sisi, kwa sababu kola yake ilisimama saa zote na viatu vyake viling'aa hata siku ya tope. Akikunja mikono ya shati, sote tulikunja. Akiikunjua, tulikunjua. Kisha, mwanzoni mwa wiki ile, aliingia darasani bega moja likiwa chini na mguu wa kushoto ukifuata nyuma polepole, kama mguu usio na haraka na maisha.

Kiranja wetu, msichana anayeweza kunyamazisha darasa kwa kukohoa tu, alimwuliza, "Umeumia?"

"Kuumia?" Bishoo alicheka kidogo. "Ninyi mko nyuma sana. Huu ndio mwendo wa mjini."

"Kwani sisi tunaishi porini?" nilimwuliza.

"Basi mjini kwenu habari hazijafika."

Hapo alitupata. Nani anataka kuishi mjini ambako habari hazijafika? Kengele ya mapumziko ilipolia, mimi nilikuwa wa kwanza kutoka nje nikichechemea. Wavulana wa madawati ya nyuma walinifuata, kisha wasichana, na mwisho hata Kiranja alichechemea, ingawa yeye alidai ni viatu vinambana.

Nirudi kwenye siku ya ujinga wangu. Mwalimu wa zamu, bwana mfupi mwenye sauti ya ngoma, alikuwa amesimama langoni akitutazama tunavyoingia. Alitutazama mbele, akatutazama nyuma, akavua miwani, akaifuta, akatutazama tena.

"Hii ni shule au ni wodi ya mifupa?" aliuliza.

Tuliendelea kuchechemea kuelekea darasani.

"Aliyeumia anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Nilimwona Bishoo akiangalia viatu vyake.

"Vizuri. Kama hakuna mgonjwa, dawa ya mguu mvivu ni mbio. Darasa lote, uwanjani! Zungukeni!"

Loo, miguu ilipona papo hapo! Tulitimka kama kuku waliomwagiwa maji. Bishoo peke yake alibaki nyuma, anaruka kwa mguu mmoja, anasimama, anaruka tena. Alipofika katikati ya uwanja akaanguka chini pu!

Kila mwenye akili angejiuliza mwenzake amepatwa na nini. Mimi nilijiambia: huu sasa ndio mtindo mpya, na safari hii sisubiri mapumziko. Nikamkimbilia, nikajitupa chini ubavuni pake, pu! Nyuma yangu nikasikia pu, pu, pu! Darasa zima lilianguka kama maembe wakati wa upepo. Vumbi lilipotua, tulikuwa tumelala uwanjani huku tunajizuia kucheka.

"Umeanguka vizuri sana," nilimnong'oneza Bishoo.

Nilipomgeukia niliona machozi yamechora njia kwenye vumbi la mashavu yake. Midomo ilikuwa inatetemeka. Nilimshika mkono, nikauachia upesi kwa jinsi ulivyokuwa wa moto.

"Bishoo, unaumwa kweli?"

"Usimwambie mtu," alisema kwa shida. "Nilikanyaga msumari. Nilikatiza kwenye lile jengo linalojengwa, na mama alishanikataza. Ukisema, nitapelekwa kuchomwa sindano."

"Lakini ulisema ni mwendo wa mjini!"

"Ningesema nini? Mlikuwa mnaniangalia wote."

Niliinua kichwa nikapiga kelele, "Mwalimu! Huyu anaumwa kweli!"

"Na mimi naumwa kweli!" akapokea mmoja nyuma yangu.

"Na mimi!"

"Mimi ndiyo nakufa kabisa, nisalimieni nyumbani!" Huyo alikuwa Kiranja.

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Mwalimu wa zamu hakucheka. "Sawasawa," alisema. "Wagonjwa wote mtabaki hapo hapo juani mpaka mpone." Akatugeuzia mgongo, akaanza kwenda ofisini.

Nilimtazama Bishoo. Alikuwa amefumba macho, na sasa alitetemeka mwili mzima. Hapo ndipo nilipoelewa: miongoni mwetu alikuwepo mgonjwa mmoja, nasi tulikuwa tumemficha vizuri mno. Ningepiga kelele zaidi, wenzangu nao wangepiga zaidi. Ningelia, wangelia. Chochote ningefanya kingeigwa.

Ila kimoja. Nilisimama, nikajipangusa vumbi, nikamfuata mwalimu kwa miguu yangu miwili iliyonyooka.

"Wewe, rudi ulale!" walinizomea. "Msaliti huyo!"

Masikio yaliniwaka moto, lakini nilikwenda. Mwalimu alisikia nyayo akageuka. "Ehee, wewe umeshapona?"

"Sikuwa naumwa, Mwalimu. Tangu mwanzo wa wiki nadanganya kwa mguu, na nilikuwa wa kwanza kuiga. Wale pale nao ni wazima. Ila Bishoo amekanyaga msumari na ana homa. Naomba umwangalie yeye kwanza, mimi uniadhibu baadaye."

Mwalimu alinitazama miguu, halafu akanitazama machoni. Hilo la kukiri, hakuna hata mmoja aliyeliiga.

Tulimvua Bishoo kiatu. Kwa juu kiatu kiling'aa kama kioo, lakini chini ya soli palikuwa na tundu. Soksi ilikuwa imegandana na nyama, na mguu ulikuwa umevimba mpaka vidole havikutenganika. Waliokuwa wanacheka waliacha. Mwalimu hakugomba. Alichuchumaa, akambeba Bishoo mgongoni, akatoka kwa lango la nyuma, mimi nikifuata na kiatu mkononi.

Zahanati ilikuwa na watu wachache. Shangazi alipouona ule mguu, uso wake wa utani uliondoka ukaja uso wa kazi. Alilainisha soksi kwa maji yenye dawa, akaibandua taratibu, akasafisha kidonda. Kisha akachukua sindano.

"Inauma?" Bishoo aliuliza.

"Inauma. Sina sababu ya kukudanganya."

"Basi naomba unichome kesho, Shangazi."

"Kesho mimi siko kazini, mwanangu. Lete mkono." Kabla Bishoo hajapata hoja nyingine, kazi ilikuwa imekwisha. Alibaki mdomo wazi. "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo uliyoiogopa kiasi cha kukubali kuoza mguu. Pepopunda unaijua wewe? Ikimkamata mtu, anakakamaa mwili kama ubao, na taya haifunguki. Umechelewa, ila tumshukuru Mungu hukuchelewa mno. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Siku nyingine ukikanyaga msumari, uje hapa siku hiyo hiyo, hata kama uliukanyaga ulikokatazwa. Kugombezwa na mama hakujaua mtu."

Homa ilishuka, uvimbe ukapungua, na siku chache baadaye tulikwenda kumwona Bishoo zahanati alikokwenda kubadilishwa bandeji. Tulikuwa na jambo zito la kumaliza. Mwalimu wa zamu alitaka mkosaji aombe radhi mbele ya shule nzima, akatuachia wenyewe tukubaliane mkosaji ni nani. Hatukukubaliana hata kidogo.

"Ni Bishoo," alisema Kiranja. "Yeye ndiye aliyetudanganya kwamba ni mwendo wa mjini."

"Nilimwambia nani anifuate?" alijibu Bishoo kutoka kitandani. "Nilikuwa natafuta njia ya kufika kwenye dawati langu!"

"Basi ni huyu hapa." Kiranja alinisonta. "Yeye ndiye aliyeiga wa kwanza. Asingeanza, tusingeanza."

"Haya, nimekubali, mimi nitaomba radhi," nilisema. "Lakini wewe ulipolala pale ukisema unakufa, nilikushika miguu?"

"Wote walikuwa wamelala! Ningesimama peke yangu kama mlingoti?"

"Ndiyo!" tulisema mimi na Bishoo kwa pamoja.

"Aa, ni rahisi kusema! Kosa ni la huyo mwenye msumari, sisi hatukuwa na shida yoyote!"

Kelele zilizidi mpaka wagonjwa wa kwenye benchi wakaanza kuchungulia mlangoni. Shangazi, aliyekuwa ameinama anafunga bandeji mpya, alikata uzi wa mwisho kwa mkasi, akaunyoosha mgongo wake na kututazama mmoja mmoja.

"Aliyekanyaga msumari ni mmoja," alisema, "waliochechemea ni darasa zima. Huyu nimeona anapoumwa, nimemchoma sindano, anapona. Haya niambieni, ninyi niwachome wapi?"