Aliyezikiwa Mgomba

Jioni hiyo Bramwel alifukuza ng'ombe uwanjani kama kawaida, akarudi kwenye kibanda cha redio. Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru, na uwanja wa ndege wa Kakamega haukuwa na mnara. Marubani walitangaziana tu walipo, na wa nyuma akampisha aliyetangulia.

Nje, kwenye machela, mkewe Risper alikuwa akipiga kite. Uchungu ulimshika tangu jana, na mtoto hatoki. Ndege ya misheni ingempeleka Kisumu, lakini uwanja hauna taa. Giza likiingia, basi tena.

Redio ikakohoa.

"Kakamega, misheni hapa. Niko juu ya Malava, naja kutua."

"Karibu, bwana! Uwanja uko wazi!"

Kisha sauti nyingine. Nzito, yenye maji.

"Kakamega... niko juu ya msitu... natua."

Sauti hiyo aliijua. Protus! Rubani aliyeangukia msituni mvua za mwaka jana. Mwili haukupatikana, kwao walizika mgomba badala yake. Na aliyezikiwa mgomba akiita, haitikiwangi; akiitikiwa, anarudi.

"Nimemsikia mwenzangu," rubani wa misheni akasema. "Atangulie. Nasubiri."

"Hakuna mtu huko, bwana! Tua!"

"Nimemsikia, Bramwel. Unataka tugongane?"

Ndege ikazunguka. Jua likazama. Ikazunguka tena.

"Shemeji," Priscah, dadake Risper, akanong'ona, "mikono yake inapoa."

Ee Mungu wangu, nisamehe. Bramwel akashika kipaza sauti.

"Protus... karibu. Tua."

Harufu ya majani yaliyooza ikajaa kibandani. Nyasi za uwanjani zikalala zote, na upepo haukuwepo.

"Ameshatua! Njoo, bwana, njoo!"

Ndege ikashuka. Wakampakia Risper, Priscah akapanda, ikaruka upesi. Bramwel akalia kwa furaha.

Redio ikakohoa.

"Kakamega, niko juu ya Khayega, abiria watatu. Bramwel... huyu mwanamume uliyempakia nyuma ni nani? Ameloa chepechepe. Hasemi. Amemwekea mama mkono tumboni."

Risper alipona. Mtoto alizaliwa mzima, ila alilia usiku na mchana. Nyumbani wakamtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, maana mtoto hunyamaza akisikia jina la aliyemrudia. Wapi! Hakunyamaza. Mwishowe Bramwel akamwinamia na kumnong'oneza jina lisilo la ukoo wao.

Mtoto akanyamaza. Akatabasamu.