Kiganja kwenye Picha

Bibi harusi alicheka mbele ya kamera, kila mtu alimwona. Picha ilipobanduliwa, alikuwa amefunika uso kwa kiganja.

"Mimi sikuinua mkono," alisema, akaondoka bila hata kuaga.

Kamera yenyewe ilikuwa kubwa kama kabati la nguo. Mpiga picha huingia nyuma yake, dada yake huvuta karatasi, wanahesabu sekunde tisini, kisha wanabandua. Picha hutoka papo hapo, moja tu, haina ya pili, na ganda lake la nyuma hutupwa. Siku hiyo ganda lilinuka dawa ya kuchua. Mchana kweupe, jamani!

Dada aliisogeza picha dirishani. Kidole kidogo cha kile kiganja hakikuwa na ukucha.

"Kaka," alinong'ona, "huu mkono wa mama."

Wiki ya mwisho ya uhai wake, mama yao alipigwa picha na mwanawe huyuhuyu, kwa kamera hiyohiyo, amelala kifua wazi kimepakwa dawa ya kuchua, mate yanamtoka. Aliposhtuka alifunika uso kwa kiganja, akalia, akamwomba aichome. Mwana akaichoma mbele yake. Mama alikufa akimshukuru.

"Si uliichoma, kaka?"

"Niliichoma, mdogo wangu. Si ulikuwepo?"

Tangu hapo kila aliyepigwa picha alitoka amefunika uso, awe mzee au mtoto, na ile harufu ikazidi hadi wateja wakawa wanaishia mlangoni, na ndani ya kamera, hata ikiwa imefungwa na hakuna aliyeigusa, kukawa na kitu kinachohema polepole, kwa taabu, kama mgonjwa anayeomba ageuzwe ubavu.

Dada akamleta mganga, mama mmoja mkali asiyependa maneno mengi. Akatega sikio kwenye kamera.

"Mama yenu kapumzika," alisema. "Huyu ni jini, kapata pa kukaa. Nani kamwekea?"

Mpiga picha akapiga magoti, akavuta droo, na chini ya vitambaa akatoa ganda la picha ya mama. Ukilisafisha vizuri kwa dawa, sura yote hurudi. Dada alijua hivyo, ila hakujua kama kaka alilificha.

"Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile," kaka alisema bila kuinua macho. "Nilishindwa kuiacha."

"Alikushukuru, kaka. Mama alikufa anakushukuru!"

Walilichoma ganda uani. Harufu ikaisha, kuhema kukakoma. Mganga akamwambia mpiga picha asimame yeye mwenyewe mbele ya kamera, wajaribu. Dada akahesabu tisini, akabandua.

Alikuwa amefunika uso.

"Sikuinua mkono, mdogo wangu. Wallahi."

"Najua. Nilikuwa nakuangalia."

Kaka akautazama mkono wake. Kidole kidogo hakikuwa na ukucha, wala hakikuuma. Alipomnyooshea dada amshike, dada alirudi nyuma, ameziba pua.